Vyuo navyo viwe na nesi wa wafanyakazi

Mhariri, nimesoma habari yenu ya ajali za kazini hapa Tanga, mmeongelea bandari na viwanda tu, vyuo hamna, kana kwamba chuoni watu wanashika chaki tu. Mimi ni nesi mshauri wa afya ya wafanyakazi kwenye chuo kimoja hapa mjini, na wengi bado wanadhani kazi yangu ni kuwagawia wanafunzi panadol.

Juzi kaja dada wa usafi, macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta, kumbe kachanganya jiki na asidi ya choo kwenye ndoo moja, gesi inayotoka pale ni klorini na hakuna aliyemwambia, glavu zenyewe zimetoboka vidole viwili. Nikamtoa nje apate hewa, nikamwosha macho, ila kazi yangu hasa ilianza nilipoenda kuikagua stoo yao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. OSHA, wakala wa serikali anayekagua usalama na afya kazini, wakija vyuoni wasiishie maabara, waombe na ufunguo wa stoo ya usafi, na wakuu wa vyuo waajiri nesi wa kazi hii hata mmoja, ahudumie na hawa wa kampuni za usafi, maana wao ndio wanasahaulika kabisa.

Nesi, Ngamiani, Tanga