Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kumkumbuka Ernst May, msanifu wa jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, hapa mjini kwetu.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886 na alikuwa askari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1925 alisimamia mjini humo ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida. Tulipoonyesha picha za nyumba hizo, kina mama walikwama kwenye jiko, alilolibuni msanifu mwenzake, Margarete Schütte-Lihotzky. Ni chumba chembamba, chenye visanduku vya alumini vya mchele na sukari, kila kimoja na mdomo wa kumiminia, na droo ya unga ya mbao za mwaloni ili wadudu wasiingie. Swali likawa moja: mbona majiko yetu bado tunayasukumia nyuma ya nyumba?

Mwaka 1930 May alikwenda kujenga miji Urusi ya Kisovyeti. Wanazi waliposhika madaraka hakuwa na kwao pa kurudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akarudia usanifu. Vita ya pili ilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ni Mjerumani, mtu ambaye Wanazi hao hao ndio waliomkosesha nchi. Jambo hilo linaniuma.

Hata hivyo tusimpambe. Mpango wake wa kupanua Kampala wa mwaka 1945 ulitenga makazi kwa rangi za watu, na vijana wetu walikuwa na haki ya kulisema hilo kwa sauti kwenye mjadala. Nashauri tulitaje kila tunapomtaja.

Na jengo letu halikutoka mfukoni mwake. KNCU iliundwa 1933, na kilichoinua kuta zile ni kahawa ya wakulima wa mlimani. Kwa hiyo kamati inapendekeza tuombe kibao kiwekwe mlangoni, wakulima watajwe kwanza, msanifu afuate. Naomba mkipigie kura leo.

Mwenye picha za ujenzi ule, au mwenye mzee nyumbani aliyefanya kazi pale, amwone katibu kabla hatujatawanyika. Wazee hao tutawafuata nyumbani, wasisumbuliwe kuja mjini.