Malalamiko kuhusu kabureta mliyofunga kwenye Hilux yangu

Busia, Uganda

Kwa Meneja wa Gereji, Kampala

Bwana Meneja,

Mwezi uliopita niliwaletea pikapu yangu, Hilux ya 1988 yenye injini ya 22R. Niliwaeleza: ikisimama inanguruma vizuri, ila nikiibebesha vitunguu ikafika kwenye kilima, inaishiwa nguvu na kupiga mlio kama risasi. Karibu na Lugazi askari wa kizuizi cha barabarani aliinama kabisa. Tulicheka baadaye, si wakati ule.

Hakuna aliyeniuliza mlio unatokea wapi, na hilo linaniuma kuliko pesa. Ukitokea juu, kwenye kabureta inayochanganya petroli na hewa, kwa kawaida petroli ni kidogo na hewa ni nyingi, au taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) imehama, au vali ya kuingiza haifungi. Ukitokea nyuma, mara nyingi ni petroli ambayo haikuungua inalipukia kwenye sailensa. Wangu ulikuwa wa juu. Fundi wenu alichomoa plagi mbele yangu, nyeupe kama majivu, akasema, "Mzee, hizi zinachoma vizuri." Plagi nyeupe namna ile ni za injini yenye njaa ya petroli! Jibu mlilishika mkononi mkalitupa kwenye ndoo.

Mkafunga kabureta mpya kwa 480,000, plagi na waya zake 140,000, ufundi 150,000. Jumla shilingi 770,000. Plagi sizibishii, zilikuwa zimechoka kweli.

Nikirudi Busia, kabla sijafika Iganga, risasi zikarudi. Na sasa hata ikisimama inatetemeka, ugonjwa ambao sikuja nao kwenu.

Fundi wa hapa Busia, mzee asiye hata na kibao mlangoni, hakumaliza saa moja. Alichomoa mpira unaopeleka petroli kwenye pampu, akauingiza kwenye kidumu cha petroli safi alichokifunga imara (akanionya nisijaribu mwenyewe, moto hauna rafiki), tukapanda kilima na mzigo. Hakuna mlio hata mmoja. Basi pampu ni nzima, shida iko nyuma yake, upande wa tangi. Alipofungua filta ya petroli, ilikuwa imejaa kutu ya tangi. Filta mpya na kuosha tangi vilinigharimu 60,000, nami siwadai hizo, ningezilipa tu.

Kisha akapulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kitako cha ile yenu, mngurumo ukabadilika papo hapo. Gasketi mliyoweka chini yake kuziba mwanya ilikuwa imechanika, inavuta hewa. Hilo ni lenu peke yenu.

Kuna na la kabureta yangu ya zamani, Aisan iliyokuja na gari kutoka Japani. Nilipoiulizia niliambiwa imetupwa. Kabureta ya Aisan iliyo nzima haitupwi, bwana. Inauzwa.

Naomba mnirudishie kabureta hiyo, pamoja na shilingi 630,000 za kabureta mpya na ufundi. Ile yenu njooni mwichukue. Nawapa siku 14. Zikipita, nitakwenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Risiti zenu, filta yenye kutu na gasketi iliyochanika nimeviweka pamoja kwenye mfuko mmoja.

Mteja wenu,
Mwenye Hilux ya vitunguu