Kabla ya kununua kiti cha umeme, mpimeni atakayekikalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenzangu wanaowauguza wazazi nyumbani, hasa wale ambao siku hizi wanaona kwenye simu zao picha za kiti cha umeme kinachomnyanyua mtu hadi akasimama, na ambao wameanza kuchangishana ndani ya ukoo ili wamnunulie mama au baba. Sina ugomvi na kiti hicho. Tunacho nyumbani kwangu hapa Igogo, na mama yangu anakitumia kila siku. Ninachotaka kusema ni kwamba tulihangaika nacho miezi mitano kabla hakijamfaa, kwa sababu tulikichagua bila kumpima mwenyewe.

Mama ana umri wa miaka 79. Kwa zaidi ya miaka 30 alianika na kuuza dagaa, kwanza Ukerewe na baadaye Mwaloni, Kirumba, kazi ambayo mtu huifanya akiwa ameinama au amechuchumaa, na leo magoti yake yote mawili yamesagika. Kuketi anaweza, na akishasimama hutembea na fremu yake hadi uani na kurudi. Kilichomshinda ni ile hatua ya katikati, ya kutoka kwenye kochi hadi kwenye miguu yake. Tulikuwa tukimvuta kwa mikono, mimi upande huu na mke wangu upande ule, mpaka siku bega lake lilipoteguka. Mdogo wangu anayeishi Marekani aliposikia habari ya bega hakuuliza swali jingine. Alinunua kiti na kukipakia kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine.

Kwa asiyekijua, hili ni kochi la mtu mmoja lenye fremu ya chuma na mota chini yake. Ukibonyeza rimoti, kiti chote hunyanyuka polepole kutoka nyuma na kuinamia mbele, hadi aliyeketi akaribie kimo cha kusimama huku nyayo zake zikiwa sakafuni. Ukibonyeza kitufe cha pili kinashuka, na ukiendelea kubonyeza kinalala nyuma na kuinua miguu. Vipo vya mota moja, ambavyo mgongo na sehemu ya miguu huenda pamoja, na vya mota mbili, ambavyo kila sehemu huenda kivyake. Hivi vya pili ni ghali zaidi, na vinamfaa zaidi mtu anayehitaji kuinua miguu iliyovimba bila kulaza mgongo, au anayepata usingizi wake wa mchana papo hapo.

Kiti kilipofika, bajaji ya mizigo ilikiacha chini barabarani, kwani wanaoijua Igogo wanajua kwamba nyumba zetu nyingi ziko juu kwenye mawe na njia ya kufika ni ngazi na vichochoro. Kiti cha aina hii kina uzito wa kilo 40 hadi 60. Vijana wanne walikipandisha kikiwa kizima, wakapumzika mara tatu, wakafika mlangoni na kukuta hakipiti. Ni jirani mmoja, fundi wa magari, aliyeinama nyuma yake na kuona vibao viwili vya chuma vya kufungulia. Akavivuta, mgongo wote wa kiti ukachomoka juu, na kikapita bila shida. Kumbe viti vingi vya namna hii hutengana vipande viwili, na sisi tulikuwa tumelipia jasho la bure.

Jioni ile ile tukakosea tena. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120, na wa kwetu ni wa volti 230. Kwenye waya wa kiti kuna kisanduku cheusi, adapta, kinachopunguza umeme kabla haujafika kwenye mota, na chetu kilikuwa kimeandikwa volti 120 peke yake. Kijana wangu alibadilisha plagi, akachomeka, tukasikia mlio mmoja tu na kunusa harufu. Ashukuriwe Mungu, mota haikuguswa. Ilituchukua wiki saba kupata adapta nyingine iliyoandikwa 100–240, yenye kutoa kiasi kile kile cha volti upande wa kiti. Anayeagiza kutoka nje na asome maandishi hayo kwanza, au amwombe muuzaji ayapige picha, maana kubadilisha plagi hakubadilishi umeme.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa madogo. Kosa kubwa lilionekana siku kiti kilipowaka na mama akaketi. Miguu yake ilining'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa, na mgongo wake haukufika kwenye mgongo wa kiti, hivyo alijikuta amelala nusu, kidevu kifuani. Tulipobonyeza rimoti, kiti kiliponyanyuka naye akateleza mbele kabla nyayo hazijashika sakafu vizuri, ikabidi tumdake. Alikataa kukikalia kwa muda mrefu baada ya hapo. Alisema, "Kiti hiki kinanitapika."

Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimfuatilia mama hospitalini ndiye aliyetueleza tulichopaswa kufanya kabla hata ya kutaja bei, nacho hakihitaji kifaa zaidi ya futi kamba ya fundi cherehani. Mzee aketi kwenye kiti cha mbao, amevaa ndala au viatu anavyovaa kila siku. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: hicho ndicho kimo cha kiti kinachomfaa. Pima kutoka mwisho wa makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza upana wa vidole viwili au vitatu ili ukingo wa kiti usimkate chini ya goti: hicho ndicho kina chake. Pima nyonga, uongeze nafasi ya kiganja kila upande. Kiti kikiwa kipana mno hana pa kuegemea mikono anaponyanyuka, na kikiwa chembamba kinambana na kumchubua. Uzito nao uulizwe. Viti vingi vya kawaida vimetengenezwa kubeba mtu wa kilo 135 au zaidi kidogo, na kwa mwenye mwili mkubwa kuliko huo vipo vingine imara zaidi, ambavyo pia ni vipana na vizito zaidi.

Mama yangu, akiwa na ndala zake, ana sentimita 40 kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kiti kilichotumwa kilikuwa na sentimita 49. Kina chake kilikuwa sentimita 53, naye alihitaji 43. Wapo watengenezaji wanaotoa saizi ndogo, ya kati na kubwa kwa kufuata urefu wa mtu, lakini mdogo wangu, ambaye hakuwa amemwona mama kwa miaka tisa, alimkumbuka kama mwanamke mkubwa aliyebeba magunia.

Hatukukirudisha; nani angekirudisha? Fundi wa makochi wa hapa mtaani aliondoa sponji ya kukalia iliyokuwa nene na laini, akaweka nyembamba na ngumu, na kwa upande wa mgongo akatushonea mto mgumu wenye unene wa sentimita 10 uliofungwa kwa mikanda ili usiteleze. Sasa nyayo za mama zinakanyaga sakafu kabla hajabonyeza kitufe. Sponji ngumu ina faida nyingine ambayo sikuifikiria: mtu hazami ndani yake, na kwa mwenye magoti mabovu kuzama ndiko kunakomfunga.

Mtaalamu yule alituuliza pia jambo ambalo natamani kila familia iulizwe. Je, mzee akishafikishwa kwenye kusimama, anaweza kubaki amesimama japo kwa kushika fremu? Kiti humfikisha mtu mlangoni pa kusimama, hakimsimamii. Ambaye miguu yake haibebi kabisa, kiti kikiinama mbele kitamwangusha, na huyo anahitaji msaada wa namna nyingine. Aliyepata kiharusi, rimoti yake iwekwe upande wa mkono wenye nguvu. Aliyeanza kupoteza kumbukumbu asiachiwe rimoti peke yake, wala watoto wasiruhusiwe kuichezea, kwa kuwa kiti kinaposhuka chuma chake hubana chochote kilicho chini, uwe mkono wa mtoto au paka. Aliongeza kwamba mama asinyanyuliwe hadi mwisho kila mara. Kiti kimfikishe pale anapoweza kumalizia mwenyewe, ili mapaja yasisahau kazi yao. Na starehe isimfanye akae hapo kutwa nzima, kwani vidonda vya mgandamizo havimpati aliyelala kitandani tu.

Kuhusu umeme kukatika, ambalo ndilo swali la kwanza la kila mgeni wetu, viti vingi vina kijisanduku cha betri mbili za volti 9, zile za mraba, zinazotosha kumrudisha mtu mara moja. Tuliijua kazi yake usiku ambao mama alikuwa amelazwa nyuma, miguu juu, giza likatanda, nasi hatujawahi kuweka betri. Alikaa hivyo saa mbili akitusimulia habari za Nansio ya zamani, na hakuonekana kuumia sana, ila mimi niliumia kwa niaba yake. Betri hizo huchoka hata zisipotumika, kwa hiyo zibadilishwe mara kwa mara.

Nafasi nyuma ya kiti ipimwe pia, kwa sababu kiti cha kawaida kinapolala huhitaji nusu mita au zaidi kutoka ukutani, isipokuwa kile kilichoundwa kusogea mbele kinapolala. Soketi iwe karibu, waya usikatize njia ya fremu ya kutembelea. Kitambaa hakitelezi sana na hakichomi mgongo wakati wa joto, lakini mkojo ukimwagika hunywewa na sponji. Ngozi ya bandia hufutika kwa urahisi, ila huteleza. Sisi tumetandika khanga juu ya kitambaa, chini yake nailoni nyembamba, zote zimefungwa imara.

Nisingependa msomaji adhani kwamba bila mota hakuna msaada. Wazee wengi ninaowafahamu, kuanzia hapa hadi Nyakato na Buhongwa, wanashindwa kunyanyuka kwa sababu makochi yetu ya kisasa ni mafupi, yana kina kirefu na sponji laini, na mikono yake ni minene isiyoshikika. Seremala anaweza kuliinua kochi hilo juu ya fremu ya mbao iliyopigiliwa vizuri, si juu ya matofali yaliyolegea, likafikia kimo cha goti la mzee au kuzidi kidogo, akaweka na mikono ya mbao anayoweza kuisukuma. Kwa mwenye nguvu kidogo zilizobaki mapajani hilo linatosha kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuchangisha pesa, mpelekeni mzee kwa wataalamu wa viungo. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wapo, na huulizwa maswali kama haya.

Kwa watakaoagiza kutoka nje, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyoundwa maalumu kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Muulizeni wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka huko uliko, mkiwa na barua ya daktari mkononi. Sisi tuliuliza baada ya kulipa.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaouza na kutangaza viti hivi. Nimeyasoma matangazo mengi, nimeona rangi, nimeona mtikisiko wa kukanda mgongo na kishikio cha chupa ya soda, lakini kimo, kina na upana wa kiti sikuviona. Viandikwe kwa Kiswahili na kwa sentimita. Dada yangu wa Sengerema naye magoti yameanza kumsumbua, nami nimeshampima. Muuzaji wa kwanza atakayeniuliza vipimo vyake kabla ya kuniuliza nina shilingi ngapi ndiye nitakayefanya naye biashara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Igogo, Mwanza.