Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Holela haianzii dukani

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: KUOTESHA VIMELEA KATIKA HOSPITALI ZA WILAYA

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya wilaya. Kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa, sita ya mwanzo nikiwa hospitali ya kanda, iliyobaki huku nilipo. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachotaka kukueleza si siri ya ofisi. Kinamgusa kila mtu aliyewahi kuamka usiku na mtoto mwenye homa.

Nimekuwa nikisikia matangazo ya kampeni ya "Holela-Holela Itakukosti". Ni kampeni nzuri, na walioibuni wanajua kuongea na watu. Inamwambia mwananchi asinunue antibiotiki bila cheti cha daktari, asikatishe dozi, asimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Yote ni kweli. Nimesimama mwenyewe kwenye duka la dawa nikamsikia kijana akisema, "Nipe zile rangi mbili, za buku." Muuzaji akahesabu vidonge kadhaa, akavitia kwenye kijifuko, akachukua hela yake. Hakumuuliza kijana anaumwa nini. Vidonge vile havikutosha kumaliza ugonjwa wowote. Vinaua bakteria walio dhaifu, vinawaachia uwanja wale wagumu. Na bakteria kama E. koli akipata joto na chakula hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo kufikia asubuhi hao wagumu si wachache tena.

Lakini kuna holela nyingine, Mheshimiwa, na mimi nimo ndani yake. Ni holela yenye cheti.

Chukua mama aliyetii tangazo. Hakwenda dukani, amekuja hospitali. Ameandikishwa, amepanga foleni, amemwona daktari, ameletwa kwangu. Namtoboa kidole, kipimo cha haraka kinaonyesha hana malaria. Naweka tone la mkojo chini ya hadubini, naona seli za usaha mbili tatu, naandika nilichokiona. Daktari anaandika UTI, kisha anaandika dawa. Baada ya wiki mbili mama yuleyule anarudi na maumivu yaleyale, anaandikiwa sindano za siku tano. Akirudi mara ya tatu anaambiwa ana "UTI sugu". Neno hilo siku hizi utalisikia saluni, utalisikia kwenye daladala, utalikuta limeandikwa kwenye vibao vya waganga njia panda. Nami nakueleza kama mpimaji: mkojo wa mama huyo haujawahi kuoteshwa hata mara moja. Hakuna kati yetu anayejua bakteria gani anamsumbua, wala kama ni bakteria kweli. Usugu tumeutangaza bila kuupima.

Simlaumu daktari. Ana wagonjwa 60 nje ya mlango na homa mkononi isiyo na jina. Zamani kila homa tuliiita malaria. Tulipopata kipimo cha haraka tuliacha, na hilo lilikuwa jambo kubwa, ila tulichofanya baada ya hapo ni kuhamia kwenye antibiotiki. Kipimo kikisema hakuna malaria, mgonjwa hatoki mikono mitupu.

Naomba nieleze kuotesha ni nini, kwa sababu kwenye vikao vingi vya bajeti nimeona linapita kama neno tu. Unachukua sampuli, damu au mkojo au usaha, unaiweka kwenye chakula cha bakteria ndani ya joto la nyuzi 35 au 37. Kesho yake, wakati mwingine kesho kutwa, bakteria ameota kama vitone vya umande. Unamtambua ni nani. Kisha unampaka kwenye kisahani cha agari, yaani chakula cha bakteria kilichoganda, unapanga juu yake vikaratasi vidogo vya duara vilivyolowekwa dawa, kila kimoja na yake, unarudisha kwenye joto usiku mzima. Asubuhi unafunua. Dawa inayofanya kazi imejichorea uwanja safi kuzunguka kikaratasi chake, unaupima kwa rula kwa milimita. Dawa iliyoshindwa haina uwanja: bakteria wameota mpaka wamegusa karatasi yenyewe, kijivu, laini, kama hakuna kilichowekwa pale. Siku ya kwanza nilipofunua kisahani ambacho vikaratasi sita vyote vilikuwa vimezingirwa namna hiyo, nilidhani nimekosea. Nilirudia. Sikuwa nimekosea.

Hayo yalikuwa hospitali ya kanda. Huku wilayani inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, tunayo. Ililetwa na mradi, pamoja na mafunzo ya wiki mbili na fulana. Mradi ulipokwisha vitendanishi, yaani dawa na vifaa vya kupimia, navyo vikaisha, na leo ndani ya inkubeta ile tunatunza rejesta za zamani kwa sababu mlango wake unafunga vizuri na panya hawaingii.

Mwaka jana, wakati wa masika, alilazwa kwetu mtoto wa siku sita. Uzazi wa kwanza wa mama yake. Alikuwa wa moto, ameacha kunyonya, analia kwa sauti ndogo kama ya paka. Daktari alimwanzishia ampisilini na gentamisini, na hivyo ndivyo mwongozo unavyosema, hakukosea kitu. Nilikuwa na chupa mbili za kuoteshea damu zilizosalia kwenye mradi, nazo zilikuwa hazijapita muda wake. Nilitoa damu kabla ya dozi ya kwanza, nikaifunga chupa kwenye boksi bila barafu, maana damu ya kuotesha haipozwi, nikaikabidhi kwa basi la asubuhi liipeleke mkoani. Siku ya tatu mtoto hakuwa amebadilika, wakamhamishia sefitriaksoni. Siku ya nne alifariki.

Majibu yalifika siku ya saba. Bakteria ni Klebsiella. Ampisilini, R. Gentamisini, R. Sefitriaksoni, R. Amikasini, S. Herufi R maana yake bakteria ameishinda dawa, S maana yake dawa inamshinda. Amikasini tulikuwa nayo, Mheshimiwa. Ilikuwa kwenye kabati la famasi, hatua kama arobaini kutoka kitanda alicholala. Kwenye rejesta yangu kuna safu inayosomeka "Majibu yamepokelewa na". Niliandika jina langu, kwa sababu wodini hakukuwa tena na wa kupokea.

Kwa nini dawa tatu zilishindwa? Bakteria wa namna hii hutengeneza vimeng'enya vinavyoiharibu dawa kabla haijamdhuru. Maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo mara nyingi yapo kwenye kipande kidogo cha DNA cha mviringo kinachoitwa plazmidi, na bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata asiye wa ukoo wake. Plazmidi moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana kubadilisha dawa kwa kubahatisha, toka hii kwenda ile, mara nyingi ni kubisha hodi kwenye milango ambayo yote imefungwa kwa ufunguo mmoja.

Wala si jambo jipya lililotushtukiza. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walikuta kwamba miongoni mwa waliokuwa na bakteria wa gramu hasi, kundi ambalo Klebsiella yumo, kwenye damu, asilimia 71 ya wale ambao bakteria wao alitengeneza vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya sefitriaksoni walifariki. Kwa wale ambao bakteria wao hakuwa na vimeng'enya hivyo ilikuwa asilimia 39. Zaidi ya miaka 20 imepita. Waliozaliwa mwaka ule leo ni wazazi, wanaleta watoto wao wodi zilezile.

Mwaka 2022 zilitoka takwimu za utafiti uliozichunguza nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwamo, uliofanywa na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, na washirika wake. Katika maabara za tiba zipatazo 50,000, zilizokuwa na uwezo wa kupima bakteria zilikuwa asilimia 1.3. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nukta imekaa vibaya. Mwaka huohuo wataalamu walichapisha makadirio kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na kwamba mzigo mzito zaidi uko kwetu, kusini mwa Sahara, upande wa magharibi ukiongoza. Naliangalia sana neno hilo, makadirio. Wanatukadiria kwa sababu hatujihesabu. Mtoto yule wa siku sita kwenye ripoti yetu ya mwezi aliandikwa "maambukizi ya damu". Klebsiella haimo na usugu haumo.

Naomba usinijibu kwamba nchi haina uwezo, maana nimeona kwa macho yangu ikiweza. Kipimo cha haraka cha malaria leo kipo hadi zahanati ambazo gari halifiki masika. Kwa kifua kikuu tumekwenda mbali zaidi: mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010, kwa muda wa saa mbili hivi inakwambia kama vimelea vya kifua kikuu vimo na kama vimeishinda rifampisini. Hakuna daktari wa kifua kikuu anayeridhika kubahatisha tena. Mgonjwa wa VVU tunampima wingi wa virusi ili tujue dawa inafanya kazi. Katika magonjwa hayo tulikubali kwamba dawa bila kipimo ni hasara. Kwa mtoto mchanga mwenye homa, na kwa mama aliyefanyiwa upasuaji kidonda kikatunga usaha, hatujakubali bado.

Mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu tunao, wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa sasa ni wa 2023 hadi 2028. Septemba 2024 huko New York mataifa yalikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu ziwe za kundi la kwanza katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, dawa za kuanza nazo kama amoksilini. Sefitriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini ziko kundi la pili, la kuangaliwa. Sasa mwambie daktari wa wilaya apunguze sefitriaksoni bila kumpa njia ya kujua nani hasa anaihitaji. Atapunguza kwa kukisia, na safari hii akikosea havunji mwongozo tu, anampoteza mgonjwa.

Ninachoomba ni hiki. Chupa za kuoteshea damu, agari na vikaratasi vya dawa viingie kwenye orodha ya kawaida ya MSD, bohari ya dawa ya serikali, viagizwe kama tunavyoagiza vipimo vya malaria, visitegemee mradi wa mtu. Anza na hospitali zote za rufaa za mikoa, zote kwa ukamilifu, kisha kila mwaka ongeza wilaya. Sehemu ambazo sampuli itasafiri, majibu ya awali yapigwe simu siku bakteria anapoonekana, karatasi ifuate baadaye. Simu moja siku ya tatu ingemkuta mtoto yule akiwa hai. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshapita, basi kipimo hiki kiwe ndani ya kitita cha msingi, kwa sababu mzazi akiambiwa achague kati ya kulipia kipimo na kulipia dawa atachagua dawa kila siku, na mimi ningefanya hivyohivyo. Na kila hospitali ibandike wodini chati ya mwaka: hapa kwetu bakteria fulani anashindwa na dawa hizi, hizi amezishinda. Chati hiyo ni karatasi moja tu, lakini daktari mgeni anayeripoti Jumatatu ataitumia Jumatatu hiyohiyo.

Niongeze la maji, ingawa si la idara yangu. Klebsiella hakai hewani. Anapita kwenye mikono, kwenye mipira ya oksijeni, kwenye beseni linalotumika kwa watoto watatu. Kwetu bomba la wodi ya wazazi hutoa maji asubuhi, mchana likakauka, na wauguzi wanachota kwenye ndoo yenye koki. Wanajitahidi mno. Lakini kila maambukizi ambayo sabuni na maji vingeyazuia ni dozi moja ya antibiotiki ambayo tusingelazimika kuitoa. Chanjo nazo ni hivyohivyo, ile ya nimonia ambayo watoto wetu wanapata tangu 2013 imefanya kazi ambayo hakuna sindano ya wodini ingeifanya. Wafugaji wa kuku wanaotia dawa kwenye maji ya kuku wazima, hilo utalizungumza na Waziri mwenzako wa Mifugo.

Hospitali ninayofanyia kazi sijaitaja kwa makusudi. Nikiitaja utatumwa ujumbe, tutapakwa rangi, na inkubeta moja itapata vitendanishi vya mwezi mmoja. Nataka zipate zote.

Leo asubuhi nimefungua rejesta ya sampuli za damu. Mwezi huu zimeandikwa nne. Zote zimekwenda mkoani kwa basi, na mpaka naandika barua hii hakuna iliyorudi. Mmoja wa wagonjwa hao ni mtoto wa siku kumi na moja. Yuko siku ya pili ya ampisilini na gentamisini, na mama yake amenisimamisha mlangoni mara mbili kuniuliza kama majibu yametoka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara,
Hospitali ya wilaya.