Waridi la jangwani sio waridi jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera na linanitia hofu pia. Watu wanauziwa ua la waridi la jangwani, afu muuzaji anafupisha jina anasema tu "waridi", mnunuzi anaondoka akijua kapata waridi. Hajapata. Haya maua mawili hayana undugu, kinachofanana ni jina tu.

Waridi lenyewe ni ukoo mmoja na tufaha, pichi na stroberi. Hili la jangwani, ambalo wataalamu wanaliita Adenium obesum, ndugu yake ni olianda, kile kichaka cha maua chenye sumu, na anayeijua olianda ameshanielewa. Hili la jangwani nalo ni sumu! Utomvu wake unavuruga mapigo ya moyo, ndo maana kuna wawindaji wa Afrika toka enzi na enzi walikuwa wanautumia kwenye mishale. Sasa mtu kasikia petali za waridi zinawekwa kwenye chai, anaenda kwenye chungu chake anachuma hizo hizo, hapo ndo napoogopa kabisa. Na mtoto akivunja tawi akalamba vidole je?

Kuyatofautisha sio kazi. Ua la jangwani ukilivuta linachomoka zima zima kama kitarumbeta kwa sababu petali zake tano zimeungana chini, ila waridi linapukutika petali moja moja. Afu angalia shina. La jangwani limevimba chini kama kiazi, humo ndo linatunza maji, na halina mwiba hata mmoja, wakati miiba ya waridi imeota kwenye ngozi ya shina, ukiisukuma pembeni inabanduka. Siku hizi kuna ya jangwani yenye petali nyingi zilizopangana kama waridi kabisa, hata mimi naangalia shina kwanza ndo niamini.

Hata maji hayanywi sawa. La kwangu la kwanza nililimwagilia kila siku kama waridi, likaoza shina lote, niliumia sana.

Ombi langu, mkitoa picha ya ua hili andikeni jina lote na neno sumu liwepo. Na nyie mlio nalo, liwekeni juu watoto wasipofika, mkipunguza matawi vaeni glavu na mikono muioshe kwa sabuni kabla hamjajigusa macho.

Msomaji wenu, mpenda maua