Anayebeba mfuko mwekundu naye achanjwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu watu wanaokusanya na kuchoma taka za hospitali bila kupewa na mwajiri chanjo ya homa ya ini B. Mimi ni msimamizi wa wahudumu wa usafi katika hospitali moja hapa mkoani Tanga. Sikuajiriwa na hospitali. Mwajiri wangu ni mzabuni aliyeshinda tenda ya usafi, na wahudumu ninaowasimamia, wengi wao akina mama, nao wako chini yake kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndipo tatizo lilipo.

Kila yakija maneno ya usalama kazini, tunaulizwa glovu na buti. Wakaguzi wakifika hutazama miguuni na mikononi, wakiona mpira wanaridhika. Sipingi. Glovu nyembamba za kupimia mgonjwa hazifai kubebea taka, tunahitaji zile nzito za mpira zinazofika karibu na kiwiko, na kandambili hazina kazi karibu na shimo la majivu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo. Ila sheria hiyohiyo inataka pia mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, kisha aendelee kupimwa akiwa kazini. Kwa wabeba taka ninaowafahamu, upimaji huo ni maneno ya kwenye karatasi tu. Mtu anakuja leo asubuhi na kitambulisho, anapewa ufagio na toroli, saa sita mchana ameshabeba mifuko ya wodi nne.

Nieleze kidogo mifuko hiyo, maana msomaji asiyefanya kazi hospitali anaweza kudhani taka ni taka. Hospitalini kuna ndoo ya taka za kawaida, mabaki ya chakula na makaratasi, kuna ya njano ya taka zenye maambukizi, na kuna nyekundu ya zile za hatari zaidi, zilizoloa damu na majimaji ya mwili. Sindano na nyembe haziingii ndoo yoyote kati ya hizo. Zina boksi lake gumu, sefti boksi, ambalo linatakiwa lifungwe likijaa robo tatu. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali si za hatari kabisa. Zikichanganywa tu, mzigo mzima unakuwa wa hatari, na anayeubeba hana namna ya kujua kilichomo. Anayechanganya ni mwenye elimu na aliyepata semina. Anayechomwa ni yule wa mwisho, ambaye semina ilipofanyika alikuwa nje anadeki korido.

Ijumaa moja jioni mwenzetu alikuwa anatoa mfuko mwekundu wodi ya wazazi. Mfuko ulikuwa umelowa chini na ni mzito, akauegemeza pajani ili apate kuufunga mdomo. Humo ndani palikuwa na sindano ya dripu na mrija wake. Ikatoboa mfuko, ikapita kitenge, ikamwingia pajani. Hakupiga kelele. Alijikamua damu, akamimina jiki juu ya kidonda, akafunga kipande cha kanga na kuendelea na kazi mpaka zamu ilipoisha. Jumatatu asubuhi nikamwona anachechemea. Nilimuuliza mara mbili ndipo akasema.

Kukamua si sahihi, na jiki inaumiza nyama bila faida. Kinachotakiwa ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kutoa taarifa saa hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa zianze mapema kadiri inavyowezekana na zisipite saa 72. Baada ya hapo hazisaidii. Nilimshika mkono tukaenda kliniki, akaanza dawa muda ukiwa unakaribia kuisha, akazinywa siku zote 28 huku kichefuchefu kikimtesa na watoto wakimuuliza mama unaumwa nini. Majibu yake ni yake, sitayaandika hapa.

Nilitaka kujua kwa nini alinyamaza. Akaniambia aliogopa kuambiwa mzembe na mkataba wake usiongezwe. Na habari ya saa 72 hakuwahi kuisikia. Bango la maelezo hayo lipo, limebandikwa kwenye chumba cha wauguzi, kwa Kiingereza. Yeye huingia chumba hicho kila siku kupiga deki.

Muuguzi akichomwa sindano katika hospitali hiyohiyo anajua pa kwenda. Kuna daftari la ajali, kuna mtu wa zamu wa kumpima, kuna muuguzi mfawidhi wa kufuatilia. Mbeba taka akichomwa, hospitali inasema huyu si mtumishi wetu. Mzabuni ofisi yake iko mjini, na simu yake Ijumaa jioni haipokelewi.

Tena VVU ndivyo tunavyoviogopa zaidi, kumbe kuna adui mkubwa kuliko hivyo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani ni hizi: sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye VVU huambukiza watu kama 3 katika kila 1,000 wanaochomwa. Ikitoka kwa mwenye homa ya ini B, na aliyechomwa hana kinga, wanaweza kuambukizwa hata 30 katika kila 100. Virusi vya homa hiyo huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo sindano ya Jumamosi iliyolala kwenye ghuba la taka mpaka Alhamisi bado inaweza kuambukiza.

Na homa ya ini B ina chanjo. Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu ikitimia miezi sita. Buti linachanika, glovu inatoboka, lakini chanjo ikishaingia mwilini hakuna mzabuni anayeweza kuibana ili apate faida. Ndiyo maana naiweka mbele ya vifaa vyote. Ninaowasimamia, waliochanjwa ni wale waliojilipia wenyewe kwa mshahara huu tunaoujua.

Hapa ndipo panapokuja suala la mwajiri. Mzabuni wa mwaka huu huenda mwakani asiwepo. Kampuni hubadilika, sare hubadilika rangi, lakini akina mama wanaobeba mifuko ni walewale, wamekuwa hapo tangu enzi za mzabuni aliyemtangulia huyu. Mzabuni haoni kwa nini agharamie chanjo ya mtu atakayemwacha, na akianza, kadi zinaondoka na faili zake. Hospitali ndiyo isiyohama. Kwa hiyo naomba daftari la chanjo la hospitali liandikwe jina la kila anayegusa taka zake, bila kuuliza anayelipa mshahara ni nani. Gharama irudishwe kwa mzabuni kwenye malipo yake ya mwezi ikibidi. Hayo wahasibu wanayaweza.

Wachomaji nao nisiwasahau. Kijana wa kwenye kichomea taka anapaswa kuwasha kuni kwanza mpaka tanuru lishike moto sawasawa, ndipo aingize taka, maana moto hafifu unaochoma plastiki hutoa moshi wenye daioksini, yaani kemikali za sumu, na moshi huo anauvuta yeye kabla ya jirani yeyote. Chupa za dawa zilizozibwa hupasuka humo ndani kama risasi. Na majivu yakitoka, sindano zimo bado, zimeungua tu na kuwa nyeusi. Nimeona majivu hayo yakizolewa kwa koleo na mtu aliyevaa kandambili. Kuni zikikosekana taka hulala, na katika joto la Tanga taka zenye maambukizi hazitakiwi kupita saa 24 kabla ya kuteketezwa.

Jambo lingine wenzangu wengi hawalijui: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unamhusu pia mfanyakazi wa kampuni binafsi ya usafi. Mchango wote hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mtu, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Lakini fidia inataka ushahidi. Ajali ambayo haikuandikwa popote siku ile, ukija kuugua ini baadaye, utaithibitisha kwa nini? Ndiyo maana nawasihi dada zangu na kaka zangu wa kazi hii popote mlipo: ukichomwa, osha, kisha sema, iandikwe na wewe ubaki na nakala. Atakayekuita mzembe mwambie sindano haikutakiwa kuwemo mfukoni.

Kwa waganga wafawidhi na maofisa ugavi naomba mambo mawili tu yaongezwe kwenye masharti ya tenda za usafi. La kwanza, hakuna anayekabidhiwa mfuko wa njano au mwekundu kabla hajapata angalau sindano ya kwanza ya chanjo na kuelezwa kwa Kiswahili, kwa mdomo, afanye nini akichomwa. La pili, anayechomwa ahudumiwe hospitalini hapohapo kwa utaratibu uleule wa muuguzi, iwe usiku au sikukuu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na nyaraka za tenda huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo.

Msimamizi wa usafi wa hospitali,
Tanga