Vitamini dozi kubwa siyo tiba ya usonji

Mhariri, naandika kuhusu habari mliyotoa ya wazazi wanaowapa watoto wenye usonji vitamini dozi kubwa wakiamini ni tiba. Jamani hili siyo jipya, tangu miaka ya 1960 Bernard Rimland kule Marekani, mwanasaikolojia na mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa anazipigia debe, hasa B6, baadaye ikaunganishwa na magnesiamu, tafiti zikafanyika na mpaka leo hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inasaidia.

Wazazi siwalaumu kabisa, ukiona mwanao haongei utajaribu chochote. Ila watu wanadhani kwa vile inauzwa bila cheti cha daktari basi haina madhara, kumbe B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva, mikono na miguu inakufa ganzi, sasa mtoto asiyeongea atakwambiaje kwamba hasikii vizuri nyayo zake? Vitamini D nayo inarundikana mwilini, ikizidi kalsiamu inapanda kwenye damu na figo zinaumia.

Kweli wapo watoto wenye usonji wanaochagua sana chakula mpaka wanapungukiwa vitamini, hao wapimwe damu wapewe kile kinachopungua tu, kwa kipimo cha daktari. Naomba mkiandika tena muwahoji madaktari wa watoto na wataalamu wa lishe, siyo wauzaji peke yao, na muwaambie wazazi kuhusu mazoezi ya kuongea na mawasiliano, maana huko ndiko hela yao ingefaa kwenda kwanza.